Kalibu ya kwanza ya vichwa vya bastola: ninunue ipi?

Fundi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekwama, maana kila ninayemuuliza ananivuta upande wake.

Mimi ni mlenga shabaha. Silaha zangu ni mbili na zote zina leseni: rivolva ya .38 Special na bastola ya 9 mm. Kwa miaka miwili nimekuwa najaza risasi zangu mwenyewe, ila vichwa vinavyoruka mtutuni nanunua. Juzi nikabahatika kupata kama kilo 40 za madini ya risasi, mabomba na mabamba yaliyong'olewa kwenye jengo kuukuu, nikaona wakati umefika wa kusubu vichwa mwenyewe, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu.

Nikaazima kalibu ya rafiki, ya 9 mm, yenye matundu mawili. Nilidhani .38 na 9 mm zimekaribiana kiasi kwamba kichwa kimoja kitafaa kote. Nilisubu vichwa kama 150. Vingi vilitoka na mikunjo kama utando wa maziwa yaliyopoa, lakini vilivyonyooka nikavijaza kwenye maganda ya .38. Uwanjani, kwa mita 15, karatasi ilitoboka matundu marefu kama kokwa za tende, dalili kwamba vichwa vilifika vikiwa ubavu. Nilipoangalia ndani ya mtutu nikakuta michirizi ya risasi imeganda humo. Nimesugua jioni mbili na bado haijaisha.

Sasa rafiki mmoja ananiambia ninunue kalibu ya matundu sita, nisije nikazeekea kazini. Mwingine anasema nianze na ile inayotoa kichwa chenye shimo puani. Wa tatu ana kalibu ya chuma aliyoitumia miaka mingi na yuko tayari kuniachia. Na mke wangu amesema moshi wa risasi hautaingia nyumba hii, kwa kuwa tuna mtoto wa miaka mitatu. Nilimjibu kwamba anakuza mambo, na tangu siku hiyo hatuongei vizuri.

Ninunue kalibu ipi, na nianze na silaha ipi?

Mlengaji Aliyekwama

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kwanza tuelewane maneno. Lugha yetu inaita risasi yale madini na pia kile kinachoruka kutoka mtutuni. Humu nitasema risasi nikimaanisha madini, na kichwa nikimaanisha kile unachokisubu.

Jibu la swali lako lilishaandikwa kwenye ile karatasi yako ya mita 15. Kalibu ya 9 mm kwa kawaida hutoa kichwa chenye upana wa inchi 0.356 hivi. Rivolva ya .38 Special, licha ya jina lake, haitumii kichwa cha inchi 0.38. Namba hiyo imetokana na upana wa ganda. Kichwa chake cha risasi tupu kinatakiwa kiwe inchi 0.358. Tofauti ni inchi 0.002, yaani nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, na nusu hiyo ndiyo iliyokutesa jioni mbili. Kichwa kikiwa chembamba kuliko njia yake, gesi ya moto hupenya pembeni, hulamba kingo za kichwa na kuipaka risasi iliyoyeyuka kwenye ukuta wa mtutu. Na kwa kuwa kichwa hakikubana kwenye mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu, hakikupata mzunguko wa kukinyoosha hewani. Ndiyo maana kilifika ubavu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kalibu ipi, uliza njia yenyewe ina upana gani. Watu wengi hununua kalibu kwa kuangalia umbo la kichwa kwenye picha, kisha huhangaika na nta, na baruti, na aina ya risasi, wakitafuta kosa ambalo lilikuwa kwenye kipimo tangu mwanzo. Mimi ningetaka wewe usipite njia hiyo.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Hakikisha silaha haina kitu, hakikisha tena, na maganda yaliyojazwa yawe chumba kingine. Tafuta chubwi dogo la kuvulia samaki la risasi laini, pana kidogo kuliko tundu la silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba maganda. Paka mafuta ndani ya silinda, weka chubwi kwenye mdomo wa mbele wa tundu la kwanza, ulipitishe polepole kwa kijiti cha mbao ngumu na nyundo ya mbao. Likitokea upande wa pili limekwisha kuchongwa saizi kamili ya mdomo huo. Fanya hivyo kwa matundu yote, moja moja, kila moja na chubwi lake, ukiandika namba. Kisha pitisha jingine kwenye mtutu. Pima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana. Kalipa ya kawaida haitoshi, kwa sababu kosa la inchi 0.001 kwenye kifaa ni kosa lote unalolitafuta. Kupima mtutu kuna taabu yake: rivolva nyingi za Smith & Wesson zina mifereji mitano, na namba witiri ya mifereji haikupi pande mbili zinazotazamana za kushika kwa maikromita. Usikate tamaa hapo. Kwenye rivolva kipimo cha maana zaidi ni cha midomo ya silinda, maana kichwa hupita pale kabla ya kuuona mtutu.

Midomo ikiwa 0.358 na mtutu 0.357, umebarikiwa: kalibu inayotoa 0.358 au 0.359 itakufaa moja kwa moja. Midomo ikiwa myembamba kuliko mtutu, hakuna kalibu duniani itakayoliponya hilo, kwa sababu silinda itakuwa inakikamua kichwa kabla hakijafika. Hapo peleka rivolva kwa fundi bunduki kwanza, kalibu baadaye.

Sasa silaha ya kuanza nayo. Anza na rivolva, bila kusita. .38 Special hufanya kazi kwa shinikizo dogo, kikomo chake cha kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, wakati 9 mm hufika 35,000. Ganda la .38 ni refu na limenyooka, la 9 mm ni fupi na linachongoka, hivyo wakati wa kukiketisha kichwa kilaini ni rahisi ganda likakibana na kukipunguza upana bila wewe kujua. Tena rivolva haijali umbo la pua. Wewe ndiye unayeweka maganda yaliyojazwa kwenye silinda kwa vidole, hakuna mteremko wa kupandia wala magazini ya kukwama. Ukishaweza .38, 9 mm utaijia ukiwa na macho tayari. Na ikiwa hiyo 9 mm yako ni Glock, soma kitabu chake kwanza: mtengenezaji anaonya dhidi ya vichwa vya risasi visivyovikwa shaba kwenye mitutu yake.

Kalibu ningekuchagulia hivi: ya alumini, matundu mawili, kichwa cha inchi 0.358, uzito wa greni 158, pua ya mviringo iliyokatwa bapa, kitako tambarare. Greni 158 ni gramu 10.2 hivi. Ndio uzito wa jadi wa .38 Special, na rivolva nyingi zenye vilengeo visivyorekebishika zimepangwa kupiga palepale unapolenga kwa uzito huo. Kampuni ya Lee hutengeneza moja ya namna hiyo, imeandikwa 358-158-RF. Namba zao zinasomeka kirahisi: sehemu ya kwanza ni upana kwa sehemu za elfu za inchi, ya pili ni uzito kwa greni, herufi za mwisho ni umbo. Ukiona TL mwanzoni, ujue kichwa kina mifereji midogo mingi ya kupakwa kilainishi cha maji kwa kuvitikisa vyote pamoja kwenye chombo.

Angalia usizisome namba za kampuni ya Lyman kwa kanuni hiyohiyo. Tarakimu tatu za mwanzo ni upana, ndiyo, lakini zinazofuata ni namba ya orodha tu. Kalibu maarufu ya 358429 haitoi kichwa cha greni 429, hutoa cha greni 170 hivi. Hiyo ilibuniwa na Elmer Keith wa Marekani, mchunga ng'ombe aliyegeuka mwandishi wa silaha, na pua yake ina bega kali linalokata karatasi duara safi kama kitoboleo. Ni umbo zuri ninalolipenda kwa moyo wote, lakini ni refu, kwenye baadhi ya rivolva hutokeza nje ya silinda, na silo la kujifunzia.

Kwa nini matundu mawili? Kwa sababu kujifunza kusubu ni kujifunza mwendo, na kalibu ndogo hukufundisha mwendo haraka. Ya matundu sita ni nzito, inataka vipini vyake vya kununuliwa kando, inataka chungu kikubwa kwa sababu kila mmimino unakunywa zaidi ya gramu 60, na ukikosea joto unapata vichwa sita vibovu badala ya viwili. Rafiki yako hakudanganya kuhusu kasi. Lakini kwa kalibu ya matundu mawili mtu aliyeshika mwendo hupata vichwa mia mbili hadi mia tatu kwa saa, na kwa mlenga shabaha wa kawaida hiyo inatosha kwa muda mrefu. Ukifika siku unamaliza vichwa elfu kwa mwezi, nunua ya sita, utakuwa unaijua kazi.

Ile ya shimo puani iache kabisa kwa sasa. Kila tundu lina pini inayotengeneza shimo, na pini hiyo hupoa upesi kuliko kalibu yenyewe. Ikipoa, pua hutoka mbovu. Nimewaona wenye uzoefu wa miaka wakitoka jasho nazo. Karatasi ya shabaha haina faida yoyote na shimo hilo. Vilevile usinunue kalibu ya kitako chenye kidato cha kubania kikombe cha shaba, hicho kimewekwa kwa ajili ya mwendo wa kasi ambao .38 haufikii.

Kalibu ya chuma ya rafiki wa tatu nisingeitupilia mbali. Chuma kinachelewa kupata moto lakini kikishapata hakiupotezi ovyo, na kikitunzwa kinaweza kumzika mwenyewe. Adui yake ni kutu. Alumini hupata moto haraka, ni nyepesi mkononi na haishiki kutu, ila ni laini: ukiifunga kwa pupa, zile pini za kulinganisha nusu mbili hulika, na bamba la juu la kukatia risasi iliyofurika huchubua uso wa kalibu. Nenda kaitazame hiyo ya chuma. Ifunge, inyanyue kwenye taa, uangalie mstari wa kukutania: ukiona mwanga unapenya, achana nayo. Ifungue, pitisha ukucha ndani ya matundu: kishimo cha kutu kitajichora kwenye kila kichwa na kukifanya king'ang'anie. Tazama kingo za juu, kama zimepondwa kuna mtu aliwahi kuigonga kwa nyundo ya chuma. Ikiwa safi kote, na ikiwa ni ya 0.358 yenye uzito wa karibu na 158, ichukue na umshukuru. Ikiwa ni ya upana mwingine, hata akikupa bure, shukuru uiache. Tayari unajua gharama ya kuazima upana usio wako.

Kuhusu hizo kilo 40. Mabomba na mabamba ya zamani mara nyingi ni risasi karibu tupu. Jaribu: kwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha mfereji kirahisi, ni laini, ugumu wake kwenye kipimo cha Brinell ni kama 5. Risasi tupu haijazi vizuri kona za kalibu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mikunjo yako, ingawa kubwa zaidi ilikuwa kalibu baridi au yenye mafuta. Dawa ni bati. Sehemu moja ya bati kwa sehemu 20 za risasi huleta ugumu wa karibu 10, unaotosha kabisa kwa .38 ya mwendo wa kawaida. Yaani kilo 40 zako zinataka kilo 2 za bati, na waya wa kulehemu usio na risasi ni karibu bati tupu. Usichanganye zote kwa mpigo, anza na kilo 5 uone vichwa vinavyotoka. Kumbuka kipimo pia kitacheza kidogo: kalibu moja hutoa kichwa chembamba kidogo kwa risasi laini na kinene kidogo kwa risasi yenye antimoni nyingi, madini yanayoifanya risasi iwe ngumu.

Ukianza kuokota vyuma vya kusawazishia magurudumu, chunga zinki. Inafanana na risasi na huharibu chungu kizima. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 419, hivyo ukiyeyusha taratibu bila kupita 370, zinki huelea mzima mzima na unaiopoa kwa upawa wenye matundu. Betri za magari usiziguse kamwe. Bamba zake zina vitu ambavyo, vikiyeyushwa kisha mavi yake, yaani uchafu unaoelea juu, yakapata unyevu, vinaweza kutoa gesi ya sumu kali.

Nifike kwa mkeo. Mwanangu, mkeo hakukuza jambo. Alikosea neno moja tu, moshi, na kosa lenyewe linafanya hoja yake iwe nzito zaidi. Risasi huchemka kwa nyuzi 1,749. Kwenye chungu cha nyuzi 370 hadi 400, mvuke wake ni mdogo sana. Hatari yenyewe ni vumbi: ule unga wa kijivu unaoukwangua juu ya chungu, unaonasa kwenye vidole, kwenye mkunjo wa suruali, kwenye soli ya kiatu, kisha ukaingia nao sebuleni. Mtoto wa miaka mitatu anacheza sakafuni, anashika kiatu, anatia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Huudhuru ubongo unaokua, na kilichopotea pale hakirudi. Marekani tangu 2021 hutumia maikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kama alama ya kumtambua mtoto aliyezidiwa. Hicho ni kiasi ambacho jicho lako halikioni kwenye ncha ya kidole.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, na kalibu huipati kwangu bila hayo. Usisubu ndani ya nyumba, na jikoni kabisa usithubutu. Iwe karakana iliyotengana na nyumba au banda lililo wazi pande mbili, upepo ukitoka nyuma yako kuelekea chunguni. Nguo na viatu vya kusubia vibaki hukohuko, vifuliwe peke yao. Usile, usinywe, usivute sigara, usishike simu. Mavi ya risasi yaweke kwenye kopo lenye kifuniko, usiyakung'ute. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu hurusha vumbi. Ukimaliza, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kuvuka kizingiti, kisha uoge kabla ya kumbeba mtoto. Nenda ukapime risasi kwenye damu sasa, kabla hujaanza, halafu tena baada ya miezi michache, na mtoto apimwe pia. Kumbuka hata kabla ya kusubu ulikuwa unaileta nyumbani: fataki nyingi, zile za kuwashia baruti kwenye ganda, zina risasi ndani yake, na vumbi la uwanjani pia.

Ikiwa huna mahali palipotengana na nyumba, endelea kununua vichwa hadi mtoto akue au upate mahali. Nasema hivyo nikijua jinsi unavyoitamani kazi hii. Na uende ukamuombe mkeo radhi leo, kabla hujaenda kutazama kalibu ya mtu.

Liko moja zaidi la kuumiza papo hapo: maji. Tone moja likizama kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke, hupanuka zaidi ya mara elfu na mia tano kwa kufumba na kufumbua, na chungu kizima hurukia usoni. Bomba kuukuu linaweza kuwa na maji ndani ya pindo lililobondwa. Kata kila bomba, lifungue, likaushe, na vipande vipya viwekwe kwenye chungu kikiwa bado baridi. Vaa miwani ya kufunika pande zote, glavu za ngozi, mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu. Jasho linalodondoka kutoka kwenye paji la uso ni maji pia, funga kitambaa kichwani.

Kalibu ikishakuwa mkononi, siku ya kwanza itakwenda hivi. Isugue kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, maji ya moto, mara mbili, hadi mafuta ya kiwandani yaishe, kisha ikauke kabisa. Chungu kikifika nyuzi 380 hivi, tupia kipande cha nta ya nyuki, koroga, acha kiwake na kuzimika, engua uchafu. Egesha kona ya kalibu juu ya risasi kwa dakika moja au mbili. Ukiitoa na risasi ikawa imeganda kwenye kona hiyo, bado baridi, irudishe. Ikitoka safi, anza.

Mimina hadi risasi ifurike kidogo juu ya bamba, ibaki kilima kidogo, ambacho mimi hukiita kikonyo. Sasa kiangalie kikonyo hicho kwa karibu. Kwanza kinang'aa kama kioo. Kisha katikati panabonyea, kwa sababu kichwa kilicho chini kinasinyaa na kunyonya risasi ya juu. Kisha mng'ao unafifia ghafla, kama pumzi kwenye kioo. Hesabu hadi tano baada ya hapo, ndipo ugonge bamba pembeni kwa kipande cha mbao likate. Fungua vipini juu ya taulo iliyokunjwa. Kichwa kikigoma, gonga bawaba ya vipini, kamwe usiigonge kalibu. Funga, mimina tena bila kuchelewa, kwa sababu joto la kalibu linatoka kwenye mwendo wako. Vichwa 20 vya kwanza vitakuwa na mikunjo, virudishe chunguni bila uchungu. Vikianza kutoka vimejaa, vyenye kingo kali kitakoni, umefika. Vikianza kuwa na weupe kama umande ulioganda, kalibu imezidi moto, pumzika kidogo.

Vitakavyobaki, pima vitano kwa maikromita kabla ya kuvipaka kilainishi. Ukipenda kuvipaka rangi ya unga na kuioka kwenye oveni ya zamani isiyopikia chakula tena, jua inaongeza inchi 0.001 hadi 0.002 na utahitaji kifaa cha kuvipitisha ili virudi kwenye 0.358. Kwenye kujaza, fuata kitabu cha kujazia chenye vipimo vya kichwa cha risasi tupu cha uzito huohuo, uanze na kiwango cha chini kilichoandikwa. Na uliza ofisi iliyokupa leseni kama kibali chako cha kujaza kinaruhusu pia kusubu, sheria za nchi hazifanani.

Ule utando mtutuni unaondoka kwa nyuzi laini za shaba nyekundu zilizozungushwa kwenye burashi ya zamani, mtutu ukiwa mkavu, sukuma na uvute mara ishirini. Shaba nyekundu ni laini kuliko chuma cha mtutu, haitaukwaruza. Jaribu nyuzi hizo kwa sumaku kwanza: zikinata, ni chuma kilichopakwa shaba, usizitumie. Risasi itakayotoka ni vumbi lilelile, iangukie kwenye karatasi mbichi.

Ukishausafisha, ndipo upime. Niandikie vipimo vya midomo yote ya silinda, kila kimoja peke yake, pamoja na cha mtutu, na namba iliyochongwa kwenye ile kalibu ya chuma. Usilipie chochote kabla hatujaviangalia pamoja.

Fundi wako